Bomba Kuu Likisogezwa Mtaani Kwenu: Nani Alipe, na Mwandikiane Nini

Mtaa wetu ulikaa vikao vinne kwa ajili ya bomba la maji la mita 1,200. Vitatu viliishia kwenye kelele za kila kaya itoe shilingi ngapi, na katika vyote hivyo hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: bomba likishafukiwa, litakuwa la nani? Mimi nilikuwa katibu, kalamu mkononi, na mimi pia sikuuliza. Miaka mitatu baadaye mwenye kiwanja cha kona, ambaye siku za kuchanga alisema yeye hajengi karibuni, alianza kujenga. Akajaza fomu, akalipia maunganisho yake kama mtu mwingine yeyote, na jioni ya siku aliyofungiwa mita akawa anamwagilia ukuta mbichi kwa mpira. Jirani yake, mama muuza vitumbua aliyechimba mita zake 16 kwa jembe la kuazima, alisimama barazani akamtazama. Hakusema neno. Kesho yake alikuja kwangu kuomba aonyeshwe jina lake kwenye daftari.

Haya nayaandika kwa watakaokaa kwenye benchi lile nililokalia: mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, mhazini, au mkazi tu aliyechoka kununua maji ya boza. Ni ya Tanzania, na hasa miji midogo ambayo viwanja vinapimwa haraka kuliko mabomba yanavyolazwa. Kenya maji yako chini ya kaunti na njia yake ni nyingine, ingawa ugomvi wa mtaani nadhani ni uleule.

Hatua ya 1: Ujue mlango wa kubisha

Watu wengi bado wanaanzia kwa Mkurugenzi wa Mji. Hawajakosea sana, maana zamani mhandisi wa maji alikaa pale halmashauri. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilibadilisha hilo. Ndani ya mji mwenye mabomba ni mamlaka ya maji ya eneo lile. Vijijini ni RUWASA, wakala ulioanzishwa kwa sheria hiyo hiyo, ambao hufanya kazi na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, yaani CBWSO. Shida iko pembezoni mwa mji, pale ambapo nyumba ya huku ni mtaa na ya ng'ambo ya korongo ni kijiji. Msibishane. Tafuteni jirani wa karibu mwenye bomba, mwombeni bili yake, msome jina lililoandikwa juu. Huyo ndiye wa kwanza kumwandikia barua.

Halmashauri isisahaulike, lakini. Ndiyo iliyopima viwanja, na pengine ndiyo iliyoviuza. Kama mlinunua viwanja vya mradi wa halmashauri, fukueni zile barua za toleo na matangazo ya mauzo, muangalie kama bei ilitajwa kuwa na miundombinu ndani yake. Ikiwa imetajwa, mazungumzo yenu yanaanzia mahali pazuri zaidi: hamwombi msaada, mnadai kilicholipiwa.

Hatua ya 2: Likate bomba vipande vitatu, kwa maneno

Kwenye mkutano, "bomba" linatamkwa kama kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kina mlipaji wake.

Cha kwanza ni bomba linalotoa maji kwenye chanzo au tenki na kuyaleta upande wenu wa mji. Hilo ni la mamlaka, na akitokea mtu kuwaambia mlichangie, mwulizeni liko kwenye mpango gani wa mamlaka.

Cha mwisho ni kibomba chembamba kinachotoka barabarani kuingia uani kwako hadi kwenye mita. Gharama yake ni yako. Unajaza fomu, fundi anakuja kupima, unapewa makisio, unalipa.

Ugomvi uko kwenye kipande cha kati: bomba la usambazaji linalopita mbele ya nyumba zote. Hakuna nyumba moja inayoweza kusema ni lake, na hakuna inayoweza kukaa bila hilo. Mwongozo uliobaki ni wa kipande hicho tu. Mkilitenganisha mapema mtaokoa kikao kizima, kwa sababu nusu ya wanaopiga kelele huwa wanadhani wanalipishwa mita yao mara mbili.

Hatua ya 3: Pimeni na mhesabu wenyewe kwanza

Kabla mpimaji wa mamlaka hajafika, piteni na utepe toka bomba la mwisho lenye maji hadi nyumba yenu ya mwisho. Andikeni kila kiwanja, kilichojengwa na kitupu, shule, msikiti, kanisa, gesti, mashine ya kusaga. Sisi tulipata kaya 75 na viwanja vitupu 25, na nitatumia hesabu hizo humu ndani.

Kaya 75 kwa watu watano ni watu 375. Mkikadiria lita 60 kwa mtu kwa siku, ni lita 22,500, yaani uniti 22 na nusu. Mkiwa na namba hiyo mkononi mnaongea na mhandisi kwa heshima zaidi, na mnaweza kuuliza swali ambalo ndilo lenye fedha ndani yake: bomba la unene gani?

Tuseme mtaa wenu unatoshwa na bomba la milimita 63, ila makisio yamekuja na la milimita 110. Mhandisi hajakosea. Anaona mitaa miwili iliyoko nyuma yenu ambayo kesho itahitaji maji, na hataki kuchimba mara mbili. Eneo la tundu la 110 ni kama mara 3 ya la 63, na bei inapanda nalo. Hapo simameni imara: gharama ya bomba linalotutosha tuijadili, lakini unene wa ziada kwa ajili ya mitaa mingine ni wa mamlaka. Ombeni makisio mawili, la 63 na la 110, kwa maandishi. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili si mzigo wenu. Sisi hatukuomba, tukalipia unene ambao leo unanywesha mtaa wa pili.

Ulizeni pia presha. Kila mita 10 za mwinuko kati ya tenki na bomba lako ni kama baa moja, kipimo cha presha. Kama nyumba zenu za juu ziko karibu usawa mmoja na tenki, mnaweza kulipia bomba zuri kabisa litakalotoa maji saa nane za usiku tu, mji ukiwa umelala. Bora mjue kabla ya kuchanga.

Hatua ya 4: Tafuteni fedha kwa mpangilio, mfuko wenu uwe wa mwisho

Kosa la kawaida ni kuanza na mchango wa wananchi, kisha kwenda kuomba nyongeza. Mkishakusanya, kila ofisi itasema nyie mnajiweza.

Anzeni na mamlaka ya maji. Bei mnayolipa kwa uniti haipangwi na mamlaka peke yake. Huombwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na EWURA kabla ya kuidhinisha hufanya mkutano wa wazi wanaouita taftishi, kupokea maoni. Ombi la bei huambatana na mpango wa biashara unaoonyesha mamlaka itapanua mtandao wapi. Kwa lugha ya mtaani: bomba likiwa kwenye mpango ule, mji mzima unalilipia kidogo kidogo kwenye bili. Lisipokuwamo, mnalilipia nyie. Kwa hiyo barua yenu iulize jambo moja wazi, kwamba mtaa wetu umo kwenye mpango wa biashara, na kama umo ni mwaka gani. Siku ya taftishi nendeni, mseme mbele ya watu. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kuwasemea wateja, nalo liandikiwe.

Kisha halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limechelewa. Njia yake ni mkutano mkuu wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani alibebe hadi Baraza la Madiwani. Diwani atakuambia maji siku hizi si ya halmashauri. Mjibuni kwamba viwanja ni vya halmashauri.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, nao unafaa. Mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Kwa uzoefu wangu uombeni kitu kinachohesabika, kwa mfano mabomba ya mita 400 na viungio vyake, msiombe "kusaidiwa maji". Kitu kinachohesabika kinaweza kukaguliwa, na mbunge anaweza kukipigia picha, jambo ambalo tusijifanye halina uzito.

Halafu ndipo nguvu kazi. Mtaro wa mita 1,200, upana nusu mita na kina mita moja, ni mita za ujazo 600 za udongo. Kwa kaya 75, kila kaya inapata mita 16 za urefu. Inachimbika kwa siku tatu nne udongo ukiwa mwema. Lakini nguvu kazi ipewe bei kwenye makisio, kwa kiwango kilekile ambacho mkandarasi angelipwa. Ikiachwa kama "kujitolea", kwenye hesabu ya mwisho inaonekana mtaa haukutoa kitu.

Kwenye kikao mzee mmoja atasimama aseme enzi za Mwalimu maji yalikuwa bure. Msimcheke, yuko sahihi. Mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulilenga kila mtu kijijini apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na gharama ya kujenga ilikuwa ya serikali. Mwaka huo wa 1991 ulifika maji hayajafika, na ndipo sera ikageuka, wananchi wakaanza kuchangia. Mwelezeni hivyo, kisha mwombeni awe mjumbe wa kamati. Wetu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwenye kulinda mabomba usiku.

Hatua ya 5: Gawaneni kilichobaki

Namba hizi ni za mfano tu. Makisio yote ni milioni 30. Mamlaka inaleta mabomba na viungio vya milioni 18. Uchimbaji wenu umethaminiwa milioni 5. Inabaki milioni 7 taslimu.

Mkigawa kwa kaya 75 zilizopo, kila moja ni kama 93,000. Mkigawa kwa viwanja vyote 100, kila kiwanja ni 70,000. Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa sababu anayefaidi bomba kuliko wote siku ya kwanza huenda ni yule mwenye kiwanja kitupu. Hajatoa jasho, yuko Dar es Salaam au Mwanza, na dalali ameshapandisha bei: "kipo jirani na maji". Mimi nagawa kwa kiwanja.

Kuna wanaopenda kugawa kwa urefu wa uwanja unaotazama barabara. Ni haki kwenye karatasi, maana kiwanja kirefu kinakula bomba refu, lakini viwanja vya kona vinaleta vita na wajane wenye mashamba ya zamani katikati ya mji wanaumia. Wengine hugawa kwa idadi ya watu. Mtabaki mnahesabu wageni.

Wapangaji wasiguswe. Nyumba ya vyumba sita ikitozwa kwa vyumba, mwenye nyumba atawapelekea wapangaji, wao watahama, na bomba litabaki lake. Mchango ni wa mwenye kiwanja. Mpangaji atalipa maji anayotumia, basi. Gesti, sehemu ya kuoshea magari na mashine ya matofali zitozwe mafungu mawili au matatu, mkutano uamue kwa kura na iandikwe. Wasiojiweza watajwe kwa majina ndani ya kamati, si mbele ya mkutano wote, na fungu lao lijulikane nani analibeba.

Mtaa hautungi sheria ndogo, halmashauri ya mji ndiyo hutunga. Kwa hiyo uamuzi wa mkutano wenu ni makubaliano, haumfungi aliyekataa wala asiyekuwepo. Hili ndilo lililotuangusha sisi. Tulidhani muhtasari wenye sahihi 61 ni sheria.

Hatua ya 6: Karatasi kabla ya shilingi

Mtu asitoe hata mia kabla ya makubaliano ya maandishi kati ya mtaa na mamlaka ya maji, yenye sahihi na mhuri, na nakala kwa mtendaji wa mtaa. Yasiwe marefu. Yajibu haya tu.

Bomba ni la nani likishakabidhiwa? Jibu la kawaida na jibu zuri ni kwamba ni la mamlaka, kwa sababu mwenye bomba ndiye mwenye kulitengeneza likipasuka. Msione wivu wa umiliki. Kikundi kilichong'ang'ania bomba ni lake hukuta ndicho kinachotafuta fundi usiku wa mvua.

Tumetoa nini? Fedha, mtaro, ardhi, kila kimoja na thamani yake.

Anayekuja baadaye anafanyaje? Sentensi yake ningeiandika hivi: "Kwa miaka 10 tangu kukabidhiwa, kila ombi jipya la kuunganishwa kwenye bomba hili litalinganishwa na orodha ya viwanja iliyoambatishwa, na mwenye kiwanja ambacho hakikuchangia atalipa fungu la shilingi 70,000 pamoja na gharama za maunganisho." Fungu lisipande kila mwaka kwa hasira, na lisifutwe kwa urafiki. Mamlaka ikubali, maana ndiyo yenye fomu. Mtaa peke yake hauna mamlaka ya kumzuia mtu kuunganishwa, na haufai kuwa nayo.

Kule jimbo la Washington, Marekani, jambo hili limo kwenye sheria ya jimbo: aliyegharamia bomba anaingia mkataba na mji, na kila anayejiunga baadaye analipa fungu linalorudi kwa aliyetangulia. Kwetu mtaliandika wenyewe.

Hela hiyo iende wapi? Fanyeni hesabu kabla ya kuahidi. Kiwanja kimoja kikilipa 70,000 na mkagawana watu 75, kila mmoja anapata kama shilingi 930. Nauli ya kuifuata ni kubwa kuliko yenyewe. Vyote 25 vikishalipa ni milioni 1 na laki 7 na nusu, na hapo kila kaya inarudishiwa kama 23,000, kitu cha kueleweka. Kama mamlaka inakubali kuyakata marejesho hayo kwenye bili, chukueni njia hiyo. Ikikataa, ningeyaweka kwenye akaunti moja ya kusogezea bomba kwenye vichochoro vilivyobaki, na hilo lisemwe siku ya kwanza, si siku ambayo hela imeshaingia.

Hatua ya 7: Malipo

Kinachokwenda kwa mamlaka kilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Fundi akikwambia umpe mkononi ili "isukumwe haraka", mwambie utalipa ikisukumwa. Michango ya mtaani iwe na akaunti yenye watia sahihi watatu na stakabadhi yenye nakala yake. Kila Ijumaa jina na kiasi vibandikwe ubao wa ofisi ya mtaa. Kamati yetu ilibandika mara mbili ikaacha, na uvumi ukaanza wiki iliyofuata.

Hatua ya 8: Mtaro

Kabla ya kuvuka barabara ombeni kibali kwa wakala wa barabara husika: TARURA kwa barabara za mitaa na za wilaya, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Msilaze bomba ndani ya hifadhi ya barabara kimyakimya, kwa barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande toka katikati. Greda halina habari na jasho la mtu.

Bomba lilale juu ya udongo laini au mchanga, mawe yaokotwe. Viungo viachwe wazi mpaka presha ipimwe mbele ya kamati. Fundi atataka kufukia jioni hiyo hiyo, kwa sababu ana kazi kwingine kesho. Kataeni. Kiungo kinachovuja chini ya mita moja ya udongo mtakitafuta kwa kusikiliza usiku.

Kabla ya kufukia, pigeni picha kila valvu na kila kona, utepe ukiwa umelazwa hadi kwenye kitu kisichohama: nguzo ya ukuta, kona ya msikiti, mkalitusi mkubwa. Mkalitusi wetu ulikatwa mwaka uliofuata. Valvu ya chini, ile ya kutolea uchafu, tuliichimbia siku mbili nzima, ikaja kuonekana chini ya banda la kuku la mwenye kiwanja cha kona.